Simu ya Sh. 25,000: Mkulima Anunue au Asinunue?



Mwezi uliopita aliingia ofisini mwetu mkulima mmoja wa upande wa Ndabibi, mtu wa makamo, mwenye ekari tano, ng'ombe wawili wa maziwa na ndama jike mmoja. Hakuja kuuliza habari za mbegu wala za dawa ya kupe. Alitaka kujua neno moja tu: je, amuuze yule ndama anunue simu ya kugusa, si ile ya bei ndogo kabisa wala si ile ya matajiri, bali ya katikati, ya Sh. 25,000? Jirani zake wanazo, na binti yake aliye katika shule ya sekondari amemwambia kwamba nyumba isiyo na simu hiyo imebaki nyuma.

Bwana Shamba alikuwa nje kwa kazi. Mimi ni karani tu, lakini nilimjibu upesi: "Nunua, mzee, dunia imegeuka." Alipokwisha kwenda nikaanza kujuta. Zamani nilisomea ualimu, na ugonjwa wa waalimu ni kujibu kabla ya kulisikia swali lote. Haya niandikayo ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kwanza yafaa tukumbuke kazi ambazo kabambe yako ya vitufe inazifanya tayari. M-Pesa ilianza mwaka 2007, nayo hupokea na kutuma fedha kwa simu ndogo vilevile kama kwa simu kubwa. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku humfikia mkulima aliyeandikishwa kwa maandishi ya kawaida. Kumpigia dalali wa viazi wa Naivasha na kumwuliza bei ya leo hakuhitaji kioo cha kugusa. Tena kabambe hukaa na moto siku nyingi, na simu kubwa yataka kuchajiwa karibu kila siku. Tangu mwaka 1981 mvuke wa Olkaria hufua umeme, nasi twauona ukipanda kila asubuhi, lakini wako wenzetu ambao mpaka leo hupeleka simu dukani kuchajiwa kwa fedha. Gharama hiyo nayo iandikwe katika hesabu.

Lakini nisiinyime simu kubwa haki yake. Mahindi yakionyesha majani yaliyotobolewa, mkulima aweza kupiga picha na kumpelekea Bwana Shamba palepale shambani, badala ya kungoja siku apitayo. Iko programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na shirika la FAO, ikatolewa mwaka 2018, baada ya viwavijeshi wapya kuingia Kenya mwaka 2017. Ilifanywa ili simu itazame jani la mhindi na kutambua madhara ya kiwavi huyo hata pasipo mtandao, nayo husema Kiswahili. Tena wanunuzi wengine siku hizi hutaka kuuona mzigo kwa picha kabla ya kutuma gari. Mwenye kazi kama hizo, zikimngoja kila juma, simu ni chombo chake kama jembe.

Hapo ndipo bei ya katikati inapopata maana. Picha nyingi tunazoletewa ofisini kwa simu za bei ndogo zina ukungu, hata Bwana Shamba hawezi kujua kama ni baa jani au ni tope. Simu hizo hujaa upesi, na baada ya muda mfupi hukataa programu mpya. Simu kuukuu nazo zina hasara yake: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5. Kwa hiyo mtu akiwa na haja ya kweli, sioni kosa kutoa Sh. 20,000 au 25,000 kwa kitu kitakachodumu miaka minne, kuliko kununua cha Sh. 8,000 mara tatu.

Swali gumu ni namna ya kulipa, nami nitasema yaliyonipata. Simu yangu ya kwanza ya kugusa ilikuwa na bei ya Sh. 15,000 taslimu. Sikuwa nazo. Nikaichukua kwa mkopo: Sh. 3,000 mkononi, kisha Sh. 65 kila siku kwa mwaka mmoja. Sh. 65 ni kitu gani? Mimi niliyewafundisha watoto kuzidisha sikuzidisha. Sitini na tano mara siku 365 ni Sh. 23,725, ongeza zile 3,000, jumla ni Sh. 26,725. Nilitoa Sh. 11,725 zaidi ya bei yake. Tangu mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku umekuwa ukiuzwa Sh. 2,500, basi mifuko minne na zaidi ilikwenda hivyo, shilingi sitini na tano kwa sitini na tano.

Tena simu ya mkopo hujifunga usipolipa. Siku mbili nilichelewa, na siku ya tatu gari la mnunuzi wa njegere zangu lilikuwa njiani likinitafuta. Kioo hakikuonyesha neno ila tangazo la deni. Mnunuzi alijaza gari lake kwa jirani, nami nikauza magunia yangu Jumatatu kwa bei ya kutupa.

Najua skimu nyingi zilianza kwa deni. Wazee walioingia katika mpango wa Ekari Milioni Moja tangu mwaka 1962 walikopa ardhi na ng'ombe, na wengi walilipa kwa taabu kubwa. Lakini deni lile lilikuwa juu ya ardhi, na ardhi haichakai mfukoni.

Basi mwenye kununua, anunue kwa fedha za mavuno, taslimu, na katika duka litoalo risiti. Abonyeze *#06# na kulinganisha namba itokeayo na ile ya kwenye sanduku, maana mwishoni mwa Septemba 2012 serikali iliamuru simu bandia zizimwe, zikanyamaza zaidi ya milioni moja, na wenyewe hawakurudishiwa kitu. Na kabla ya kutoa fedha ahesabu majuma manne yaliyopita: ni mara ngapi alikosa fedha au mazao kwa sababu hakuwa na simu hiyo? Asipoikumbuka hata mara moja, mbolea itangulie.

Juma lililopita yule mkulima alirudi, nami nikamwomba radhi na kumsomea hesabu yangu. Akacheka sana. Ndama alikuwa hajauzwa. Akasema kikundi chao cha watu kumi na wawili wanafikiri kutoa Sh. 2,000 kila mmoja wanunue simu moja nzuri, ikae kwa katibu, ambaye ni mama mmoja mwenye umeme wa jua nyumbani. Wamekubaliana juu ya kila kitu isipokuwa nani atakayelipa bando, na binti yake ataruhusiwa kuitumia siku zipi.