Moshi Uliofichwa

Kiangazi hiki tuliishusha injini ya gari letu la dizeli uani, hapa Makanyagio, Mpanda. Ilikuwa ikila oili, ikitoa moshi wa buluu, na asubuhi ikiwaka kwa taabu. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa plagi kama ya petroli; huyawasha kwa joto la hewa iliyoshindiliwa na pistoni. Ringi zikilika, hewa huvuja na nguvu hupotea.

Tulipima mitungi, tukaikuta imelika. Jirani akatushauri: “Tieni ringi mpya na oili nzito, kisha uzeni.” Kweli, moshi ungepungua, lakini kwa muda mfupi tu. Na mnunuzi angekuwa nani? Pengine baba wa watoto, aliyeuza mpunga wa msimu mzima.

Ndugu zetu, kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na chumo lake halina baraka. Tulipeleka bloku kwa fundi mchongaji, tukasubiri slivu mpya, na vijana wetu wakafunika kila tundu kwa kitambaa safi, vumbi lisiingie. Gari limechelewa, lakini watoto wamejifunza kwamba asichokiona mnunuzi, Mola anakiona.