Ghushi Katika Vioo vya Simu

Wengi wenu mnaijua hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim juu ya rundo la chakula. Mtume Muhammad (s.a.w.) alilipita rundo lililowekwa kwa kuuzwa, akatia mkono ndani, na vidole vyake vikagusa majimaji. Muuzaji akatoa udhuru kuwa ni mvua. Mtume hakusema kwamba chakula kilicholowa kisiuzwe. Alimwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Leo rundo hilo limo katika vibanda vya mafundi simu. Mteja huja na kioo kilichopasuka, huuliza kama kipo cha asili, naye huapiwa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa kipo. Hulipa bei ya cha asili, akafungiwa cha kuiga.

Mmoja wetu alibadilishiwa kioo cha Samsung Galaxy A50, simu iliyotoka mwaka 2019, ambayo kisoma kidole chake kiko chini ya kioo. Tangu siku hiyo simu haikumtambua tena. Fundi akamwambia kuwa kidole chake ndicho kilichobadilika! Ukweli ni huu: kioo cha asili cha simu ile ni cha OLED, ambacho kila nukta huwaka yenyewe, na kisoma kidole huona kwa kupitia humo. Kioo cha kuiga kilichowekwa kilikuwa cha LCD, chenye taa nyuma yake, na taa hiyo humziba njia msomaji. Hatusemi kwamba kila simu isiyosoma kidole imefungwa bandia, kwani pengine huhitaji kurekebishwa tu. Lakini fundi alijua alichokifunga.

Basi mpimeni. Ingieni chumba chenye giza, fungueni picha nyeusi tupu na mwangaza wa simu uwe juu. OLED itazama gizani pamoja na chumba. LCD itabaki na weupe wa kijivujivu. Kipimo hiki kinafaa kwa simu zilizotoka kiwandani na OLED, kama iPhone X ya mwaka 2017. Msimwonee fundi wa iPhone XR au iPhone 11, kwani hizo ni za LCD tangu asili. Tena zipo OLED za kuiga, nazo zitafaulu mtihani huo. Hizo mara nyingi hujulikana kwa ukingo mweusi ulio mpana zaidi, au kioo kuinuka kidogo juu ya fremu.

Kuanzia iPhone 11, simu yenyewe hutoa onyo katika ukurasa wa mipangilio unaoeleza habari zake, ikiwa haikuweza kuthibitisha kioo. Hata kioo halisi kilichong'olewa katika simu nyingine kimeweza kuleta onyo hilo, na fundi mkweli atakwambieni kabla hajakifunga. Lakini wako wanaokibandua kijisahani cha umeme cha kioo cha asili na kukihamishia kwenye cha bandia ili onyo lisitokee. Hapo udhuru wa kutojua umekwisha.

Wapo wasemao: "Wateja wenyewe wanataka rahisi." Twajibu: mwenye kutaka rahisi na auziwe rahisi, kwa jina lake na kwa bei yake. Mwanafunzi au mama muuza mboga ana haki ya kuchagua kioo cha kuiga, na hatuoni ubaya ndani yake. Ila yule aliyelipa cha asili amenyang'anywa tofauti ya bei, na kuapa kwa Mungu juu ya unyang'anyi huo ni balaa ya pili.

Wengine husema: "Nasi tulidanganywa tuliponunua kwa jumla." Huenda ni kweli kwa kioo cha kwanza. Aliyekwisha kufunga vioo mia, mkono wake unajua.

Wala tusiingoje serikali. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, nayo ilizijua kwa namba ya IMEI. Namba hiyo ni ya simu, haisemi lolote juu ya kioo. Simu halali yenye kioo bandia itapita popote, na jambo hubaki baina ya fundi, mteja na Mola wao.

Kwa hiyo tumewaomba mafundi wanaosali nasi waandike katika risiti aina ya kioo: cha asili kipya, cha asili kilichotumika, OLED ya kuiga, au LCD. Wawili wamekubali na wameanza. Wa tatu ameomba kwanza amalize vioo alivyonavyo dukani.