Mkataba wa kode hauna ofisi: nani atajibu mjini Kamina?

Mwenye simu ya intaneti mjini Kamina anaweza leo kuweka dola zake katika sarafu za kripto bila kupitia benki yoyote. Wenye kuuza biashara hiyo wana neno wanalolipenda: hakuna mtu wa kati. Mkataba umeandikwa kwa kode ya kompyuta, unajitekeleza wenyewe, hakuna karani wa kuiba wala wa kuomba ya kahawa. Ni kweli. Lakini mkataba unaojitekeleza wenyewe unatekeleza pia kosa la aliyeuandika.

Mfano unaojulikana zaidi ni The DAO, mfuko uliofunguliwa mwaka wa 2016 juu ya mtandao wa Ethereum. Maelfu ya watu walitia humo zaidi ya dola milioni 150. Tarehe 17 mwezi wa sita mwaka uleule, mwizi alichota ether karibu milioni 3,6, zenye bei ya zaidi ya dola milioni 50 siku hizo. Hakuiba neno la siri la mtu yeyote. Aliomba, na mkataba ukampa.

Ni kama kibanda cha M-Pesa. Mteja anaomba kutoa dola 10. Mwenye kibanda anampa noti kwanza, halafu ndipo anatafuta kalamu aandike kwenye daftari kwamba salio limepungua. Kabla hajaandika, mteja anaomba 10 zingine. Daftari bado linaonyesha kwamba ana feza, basi anapewa. Na tena. Na tena. Mama yeyote wa kibanda angeshtuka mara ya pili. Kode haishtuki. The DAO ilipangwa hivyo hasa: kulipa kwanza, kuandika nyuma.

Mwezi wa nane 2022 ikawa zamu ya Nomad, daraja la kuhamisha sarafu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Badiliko moja la kode liliacha mlango wazi, na dola karibu milioni 190 zikatoka kwa saa chache. Wa kwanza alipofaulu, mamia walinakili ombi lake na kubadilisha tu anwani ya kupokea, kama watu wanaokimbilia vagoni ya unga iliyopinduka.

Je, feza hurudi? Mara zingine. Kwa The DAO, wengi wa Ethereum walikubali kugeuza daftari zima mwezi wa saba 2016. Waliokataa wakabaki na Ethereum Classic. Euler, ambayo kode yake ilikuwa imekaguliwa mara kadhaa, ilipoteza dola karibu milioni 197 mwezi wa tatu 2023, na mwizi akarudisha karibu zote baada ya mazungumzo. Lakini muuza samaki wa Bukama aliyepoteza dola 80, nani atageuza daftari kwa ajili yake?

Wazee wanakumbuka Bindo, iliyoanguka Kinshasa mwaka wa 1991 na akiba za watu wengi. Ile ilikuwa ahadi ya uongo, huku ni kosa la kode. Si vizuri kuvichanganya. Hata hivyo, kwa Bindo watu walijua angalau mlango wa kugonga.

Kongo ina Kanuni ya Numeriki tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Kenya nayo ilipata sheria juu ya kampuni za sarafu hizi mwezi wa kumi 2025. Sheria za namna hiyo zinafika kwa kampuni yenye mkurugenzi na anwani. Mkataba wa kode, parquet ya Kamina itamwita nani?

Kwa hiyo wanaokusanya feza za wengine mjini ndio wa kuulizwa kwanza. Waseme kwa Kiswahili na kwa Kiluba, mbele ya kupokea hata franka moja: nani ameukagua mkataba, nani anaweza kuusimamisha, na nani atalipa ukivunjwa. Serikali ya jimbo inaweza kudai majibu hayo hadharani bila kungoja Kinshasa. Na asiyeweza kujibu swali la tatu asipewe feza za masomo za mtoto wa mtu.