Siku tatu Bulaya pamoja na Kambo

Wengi mmeniuliza njiani kama ni kweli kwamba baba yangu, pamoja na magoti yake yale, alipanda ndege. Ndiyo, ni kweli. Alipanda, alilala, aliamshwa kula, akalala tena. Habari za visa sitawaeleza, maana ukurasa huu ni mmoja tu na mambo ya visa yangeumaliza wote. Leo nitawasimulia namna tulivyotembea.

Dada yangu mdogo anakaa Bruxelles na bwana yake na watoto wawili, binti wa miaka kumi na moja na kijana wa miaka sita. Kazi yake ni kuwaangalia wazee katika nyumba ya wazee, na konje aliyopewa ilikuwa siku tatu tu. Akasema: «Siku tatu, tutatembea mpaka viatu viombe huruma.» Watoto wakamshika babu yao mikono miwili, mmoja kila upande, na mimi muyomba wao nikawa mbeba mifuko.

Mjue kwanza Kambo ni mtu wa namna gani. Alifanya kazi chini ya udongo kule Kipushi mpaka mine ilipofungwa katika 1993. Kwa hiyo hatazami kitu kama ninyi na mimi. Sisi tunatazama nyumba nzuri, yeye anatazama nyumba hiyo imejengwa na nini. Kutoka siku ya kwanza alikuwa na ulizo moja tu mdomoni: «Hii ni mukuba?» Kila dari la kijani: «Hii ni mukuba?» Bulaya mukuba uliopigwa na mvua miaka mingi unageuka rangi ya majani, na makanisa mengi yamefunikwa hivyo. Basi, binti alianza kuhesabu. Kufika mchana Kambo alikuwa ameuliza mara kumi na saba.

Siku ile ya kwanza tulienda Grand-Place, kiwanja kikubwa katikati ya mji. Ni pazuri kweli, siwadanganyi. Nyumba zimesimama bega kwa bega, na dhahabu inawaka juu ya madirisha. Katika 1695 jeshi la mfalme wa Ufaransa lilipiga mji huu kwa mizinga siku tatu, karibu kila kitu kikaungua, na wenyeji wakajenga upya kwa miaka michache tu. Zile nyumba zilikuwa za vyama vya mafundi: waoka mikate, wapika pombe, wauza nyama, watu wa mashua. Dada alipoeleza hayo Kambo alifurahi sana. «Kumbe ni nyumba ya syndicat! Na bale ba mine, yabo iko wapi?» Tukatafuta. Ya watu wa mine haiko. Kambo akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari anayoijua tangu zamani.

Nyumba ya mji ina mnara wa metre 96, lakini mnara hauko katikati: upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Watu wanasimulia kwamba fundi mkuu alipoona kosa lake alijirusha kutoka juu. Ni hadithi tu, kwani pande mbili zile hazikujengwa wakati mmoja. Kijana wetu lakini aliipenda hadithi kuliko kweli, akazunguka mawe ya chini akitafuta mahali fundi alipoangukia.

Halafu tukaenda kuona Manneken-Pis. Ninyi wenye kuota kumwona, jitayarisheni: ni mtoto wa shaba nyeusi, hafiki hata metre moja, amesimama pembeni mwa njia na anakojoa. Basi. Tangu 1619 anakojoa. Yule wa njiani ni mfano, yule wa kweli wamemfungia ndani ya nyumba ya makumbusho. Ana nguo zaidi ya elfu moja, zawadi kutoka nchi nyingi, lakini siku yetu alikuwa uchi. Watu wengi walisukumana na vyombo vyao vya kupiga picha. Kambo akasimama, akatazama, akatugeukia: «Tulitoka mbali namna hii kuona mutoto anakojoa? Kwetu beko kila njia.»

Lakini kilichomkasirisha kilikuja nyuma yake. Mvua ilikuwa inanyunyiza, na yeye pia akahitaji mahali. Tukapata, lakini mlangoni ni kulipa. Kambo alibaki pale na sarafu mkononi kama mtu aliyeibiwa. «Yule mutoto anakojoa bure mbele ya batu bote, mi muzee nalipa!» Dada alicheka mpaka machozi. Mama zangu mtakaotembea kule na watoto, wekeni sarafu karibu, ni mafundisho niliyoyapata mimi.

Jioni watoto walitaka Atomium. Ni mipira tisa mikubwa inayong'aa, imeunganishwa kwa vyuma vinene, urefu wake metre 102. Waliijenga kwa maonyesho makubwa ya 1958, kufananisha kristali ya chuma iliyokuzwa mara milliard 165. Walitaka isimame miezi sita tu. Hatukuingia, bei ya tiketi kwa watu watano ilimfanya dada yangu akumbuke ghafla kwamba kutoka nje inaonekana vizuri zaidi. Kambo akauliza kwa nini chuma, kwa nini si mukuba. Halafu akasema pole pole kwamba kama walitaka kusifu atome, wangetaja Shinkolobwe. Kweli, sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima la 1945 ilitoka huko kwetu, karibu na Likasi. Katika maonyesho yale ya 1958 waliweka pia kijiji cha Wakongo, na wageni wakawatazama nyuma ya ua na kuwatupia vyakula. Wakongo wale walikataa na kurudi kwao kabla maonyesho hayajaisha. Binti alisikiliza yote hayo kimya. Shuleni hawakumwambia.

Siku ya pili, Anvers. Treni ni chini ya saa moja. Gare ya kule, ya 1905, ina dari kama la katedrale. Kijana aliingia akavua kofia mwenyewe. Nje tu ya gare ni njia za wauza almasi, duka kwa duka. Kambo alipita katikati mikono nyuma, kama kapita anayekagua kazi. «Hizi zilipita ku Mbuji-Mayi,» akasema, bila kumwuliza mtu.

Mbele ya nyumba ya mji wa Anvers kuna sanamu ya 1887: kijana Brabo anarusha mkono uliokatwa. Hadithi yao inasema jitu moja lilikaa kando ya mto, likikata mikono ya wenye mashua wasiolipa kodi, mpaka Brabo akalikata la kwake. Kwa hiyo maduka yanauza mikono midogo ya biskuti na ya chokoleti. Kijana wetu alikula miwili haraka haraka. Wa tatu alimpa babu yake. Kambo aliuangalia katika kiganja chake, akaufunga ndani ya karatasi, akautia mfukoni. Dada na mimi tulitazamana. Ninyi mnajua mikono mingine iliyokatwa, wakati wa mpira wa Léopold. Yule muuza duka, mama mwema kabisa, alituongezea mmoja wa bure.

Sasa nawapeleka mahali ambapo wageni wengi hawafiki, na ambapo kwangu ni pazuri kuliko pote. Chini ya mto Escaut kuna tuneli ya watu wa miguu na baisikeli, ya 1933. Unashuka kwa ngazi zinazotembea zenyewe, na ngazi zile ni za mbao, zile zile za mwanzo, zinalia krii-krii. Kufika chini ni metre 31, halafu unatembea metre 572 mpaka ng'ambo. Hulipi kitu.

Kambo alikataa ngazi. Tangu Bruxelles alikuwa anaziogopa, anasema zinakula viatu. Watu wakapita, baisikeli zikapita, yeye amesimama tu. Kijana wa miaka sita akarudi juu, akamshika mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Bulaya: «Kambo, tunahesabu tatu, halafu tunaruka.» Wakahesabu. Wakaruka. Na mimi nikaona uso wa baba yangu ukibadilika kadiri tulivyoshuka. Alinyoosha mgongo! Chini, alisimama, akanusa hewa, akagusa ukuta. Ukuta wote ni makaro meupe, safi. «Galeri ya makaro,» akasema. «Na maji ya mto wote juu yetu, hata tone moja haliingii. Bale bafundi balitumika.» Akatangulia mbele. Magoti yale yale! Njia yote aliwaeleza wajukuu kaje inavyoshuka Kipushi, zaidi ya metre elfu moja, taa moja kwenye kofia, na masikio yanavyoziba. Binti akamwuliza: «Kambo, uliogopa?» Akajibu: «Mi naogopa ngazi, apana udongo.» Watu wawili wa baisikeli walisimama kumsikiliza, ingawa hawakuelewa neno.

Ng'ambo tulikaa kwenye majani, tukala mikate na makayabu ya dada, na kutazama mnara wa katedrale ng'ambo ya maji. Kutoka hapo tulitaka kurudi kwa njia nyingine. Kambo akasema hapana, turudi chini. Tulirudi chini.

Siku ya tatu ndiyo tuligombana kidogo. Tulichukua tramu 44, inapita katikati ya miti mirefu mpaka Tervuren, kwenye makumbusho makubwa ya Afrika. Nyumba ile ni ya 1910; waliifunga 2013 kuitengeneza na kufungua tena Desemba 2018. Watoto walikimbilia mtumbwi wa metre 22 na nusu, halafu tembo aliyeuawa 1956 ili apelekwe kwenye maonyesho yale niliyowatajia. Mimi nilitazama malakite. Kambo alisimama mbele ya misalaba ya mukuba, ile ya bakambo iliyokuwa feza yao kabla ya mzungu yeyote kuchimba.

Halafu tukaingia katika chumba chenye ukuta wa majina. Ni majina 1.508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo zamani za Léopold, yamechorwa toka kitambo. Dirisha la mbele lina majina mengine, madogo, yaliyowekwa na fundi wa Kinshasa, Freddy Tsimba. Ni ya Wakongo saba. Katika 1897 waliletwa Wakongo 267 na kuwekwa katika vijiji vya maonyesho hapo Tervuren. Ulikuwa wakati wa baridi na mvua, na saba hao hawakurudi. Jua likiwaka, kivuli cha majina yao kinaanguka juu ya ukuta wa wale wengine.

Lakini jua halikuwako. Mawingu tu. Dada akatazama saa: kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kazini. Watoto walikuwa na njaa. Kambo akakaa chini kwenye benchi. «Naongojea,» akasema.

«Papa, hapa Bulaya jua unaweza kulingojea wiki mbili!»

«Ku mine, kama mutu hakupanda, tulibaki pale juu mpaka jina yake inaitwa. Njo vile.»

Dada alikasirika, akawapeleka watoto kwa tembo mara ya pili. Nilibaki na mzee. Hatukusema kitu. Ilipita nusu saa nzima, na mimi, nasema kweli, nilikuwa nafikiri juu ya tumbo langu. Ghafla chumba kikawa cheupe. Majina yakateremka ukutani, meusi, yakitetemeka kidogo. Nilikimbia kuwaita wengine. Binti ndiye alisoma, kwa sababu macho ya Kambo hayafiki: Ekia. Gemba. Kitukwa. Mpeia. Zao. Samba. Mibange. Kambo akamwambia asome tena, polepole. Kwa kila jina alisema «Eeh,» kama mtu anayejibu apeli.

Makaburi yao yako karibu na kanisa la Tervuren, mawe saba yaliyolala kwa mstari. Dada yangu, yeye aliyekuwa na haraka, ndiye alisema twende. Kambo alivua kofia. Kijana akamwuliza kama anaweza kuwaachia chokoleti. Basi mkono ule wa Anvers, umeshavunjika ndani ya karatasi, ukatoka mfukoni. Kambo akautazama, akasema huo hapana, hawa hapana kuwapa mkono. Alitafuta katika mfuko mwingine, akatoa sarafu, zile alizokuwa anaficha kwa ajili ya choo. Akaweka moja juu ya kila jiwe.

Kwenye tramu ya kurudi tulinunua viazi vya kukaanga, karatasi moja kubwa kwa watu watano. Tulipokaribia mjini Kambo alishituka, akapapasa mifuko yote miwili, halafu akaniangalia kwa aibu. Nilimpa sarafu.