Anayepepesuka Si Lazima Amelewa

Mwezi huu tuzungumzie sehemu ya mwili ambayo wengi wetu hatujasikia ikitajwa hata kliniki. Ni ubongo mdogo, ambao madaktari huuita serebelamu. Papasa kisogo chako, pale chini karibu na shingo. Ubongo huo umelala ndani ya mfupa huo, chini ya ubongo mkubwa. Kwa mtu mzima una uzito wa gramu 150 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Lakini usiudharau. Wanasayansi wa Brazil waliohesabu chembe za neva mwaka 2009 walikuta karibu bilioni 69, kati ya bilioni 86 za ubongo mzima, zimo humo. Umekunjwakunjwa kama kurasa nyembamba zilizobanwa pamoja, nao una upande wa kulia na wa kushoto.

Je, kazi yake ni nini? Mtazame mama anayemenya ndizi za mchana. Kisu kinakimbia, ndizi inazunguka mkononi, naye anaongea na jirani huku macho yako kwa mtoto anayetambaa. Wala hajikati. Ubongo mkubwa umetoa amri ya kumenya, na ubongo mdogo unapima kila mara mkono umefika wapi, umezidi au umepungua, kisha unausahihisha palepale. Huohuo ndio unaokuwezesha kushuka mlima na mkungu kichwani bila kuanguka, na ndio unaopanga ulimi ili maneno yatoke kwa mfuatano wake.

Ukiumia, mtu hapoozi. Nguvu anazo, ila mpangilio umepotea. Hutembea ametanua miguu kama aliye ndani ya mtumbwi. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono huzidi kutetemeka kadiri unavyokikaribia. Maneno yanavutika, na macho yanachezacheza. Daktari Gordon Holmes wa Uingereza alizieleza dalili hizi kwa makini mwaka 1917, baada ya kuwachunguza askari waliojeruhiwa kisogoni katika Vita Kuu ya Kwanza.

Sasa bila shaka mmeona tatizo letu. Hizo zote ndizo dalili za mlevi, kwa kuwa pombe nayo huugusa ubongo huohuo. Na katika wilaya zetu hizi za Karagwe na Kyerwa, ambako rubisi haikosekani msibani wala harusini, mtu akipepesuka hukumu hutoka kabla hajaulizwa neno. Nilimjua mama mmoja, asiyeonja pombe, aliyeacha kuja kwenye kikundi chetu kwa sababu wenzake walikuwa wakimnusa pumzi anapopita. Kumbe alikuwa akitumia fenitoini, dawa ya kifafa, nayo ilikuwa imezidi mwilini. Daktari alipopunguza kiasi, kuyumba kulikwisha. (Dawa hiyo isiachwe ghafla nyumbani, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Rudi kwa aliyekuandikia.)

Kwa watoto, mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuona. Mtoto aliyekuwa akikimbia anaanza kutembea kwa kuyumba wiki moja hadi tatu baada ya tetekuwanga. Mpeleke akapimwe, lakini usikate tamaa, kwani wengi hupona wenyewe katika wiki chache. Malaria iliyopanda kichwani nayo inaweza kumwachia mtoto shida ya kusimama imara, na wengi huendelea kupata nafuu kwa miezi. Hata watu wazima hawakusalimika: madaktari wa Sri Lanka walieleza habari za wagonjwa waliopona homa ya malaria, kisha siku chache baadaye wakaanza kupepesuka, na wakapona.

Kuna jingine ambalo halisubiri. Mtoto analalamika kichwa asubuhi, anatapika kisha anapata nafuu, kesho tena vilevile. Baada ya wiki kadhaa anajikwaa, anainamisha kichwa upande mmoja, au anaanza makengeza ambayo hakuwa nayo. Kwetu atapewa dawa ya minyoo, kisha ya malaria, kisha atatafutiwa aliyemroga. Huenda kuna uvimbe kisogoni, ambao ni miongoni mwa uvimbe wa ubongo unaowapata watoto mara nyingi zaidi. Mwambie mganga wa zahanati neno kwa neno: "Anatapika asubuhi na anayumba." Omba barua ya kwenda hospitali, iwe Nyakahanga au nyingine iliyo karibu, ili naye daktari aweze kumpeleka Bugando, Mwanza, kwenye kipimo cha picha ya kichwa.

Kwa baba, mama au bibi mwenye shinikizo la damu, angalia hili: kizunguzungu kikali cha ghafla, kutapika, kichwa kuuma, na kushindwa kusimama ingawa mikono na miguu ina nguvu. Hicho chaweza kuwa kiharusi cha ubongo mdogo. Watu hungoja kwa sababu mdomo haukupinda. Ubongo uliojeruhiwa huvimba katika siku za mwanzo na kukandamiza sehemu inayoongoza pumzi. Kodi gari usiku huohuo.

Na mlevi wa kweli je? Naye ni mgonjwa. Miaka mingi ya gongo bila chakula cha kutosha huunyausha ubongo mdogo, hasa sehemu yake ya katikati, hata mtu anayumba asubuhi kabla hajagusa chupa. Akiacha pombe, akala vizuri na kupewa vitamini B1, huenda hali isiendelee kuharibika, na wengine hupata nafuu. Akichanganyikiwa na macho yakakataa kugeuka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wala mjamzito asionje, kwani pombe humfikia mtoto tumboni, na ubongo mdogo ni kati ya sehemu zinazoumizwa zaidi.

Wapo pia watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Kwao ubongo mdogo huvutwa chini kuingia shingoni, maji ya kichwani yakazibwa, kichwa kikakua. Upasuaji wao unafanyika Bugando na katika Taasisi ya MOI, Dar es Salaam. Lakini uti wa mgongo hujifunga katika siku 28 za kwanza za mimba, kabla wengi hatujajua kama tuna mimba. Ndiyo maana vidonge vya foliki huanzwa angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, mikrogramu 400 kila siku, hadi wiki ya 12. Mwaka 2011 Serikali iliagiza viwanda vikubwa viongeze foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi, lakini sisi meza yetu ni ndizi na maharage, na mashine ya kusaga ya kijijini haiongezi kitu. Maharage yana foliki, endeleeni kuyapika, ila msiache vidonge. Na aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo amwone daktari kabla ya mimba nyingine, kwa sababu yeye huhitaji foliki mara kumi ya hiyo.