Waya wa Ardhini au Sahani ya Angani?

Mtu akaaye Lubumbashi mjini akitaka intaneti nyumbani mwake, hutafuta kampuni, hulinganisha bei, akachagua. Ndugu zetu wa upande wa Kasenga, wa Mitwaba au wa Pweto hawakuzoea kuchagua; walizoea kungoja. Lakini mwezi wa Mei 2025, ARPTC, yaani mamlaka ya Serikali inayosimamia posta na simu, iliipa kampuni ya Starlink ruhusa ya kufanya kazi katika nchi yetu, ingawa mwezi wa Machi 2024 ilikuwa imekataza vyombo vyake. Tangu siku hiyo shauri limefika mashambani: tuzidi kungoja waya, au tununue sahani ya satelaiti? Fedha inayoulizwa hapa ni ile ile ya karo ya watoto, ya dawa na ya mbolea. Kwa hiyo yafaa tufikiri kabla ya kuitoa.

Tuanze na waya. Kwa miaka zaidi ya mia moja nchi ya Katanga imetoa shaba, na shaba hiyo imegeuzwa nyaya za simu na za umeme katika nchi nyingi za dunia. Vijiji vyetu vingi havikupata hata waya mmoja. Simu za waya za Posta zilikuwa za miji na za migodi. Katika miaka ya 1990 zilizidi kuchakaa, na nyaya nyingine ziliibwa kwa ajili ya shaba yake. Leo anayenena habari ya waya wa intaneti anena hasa habari ya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ambao ndani yake hupita nuru. Hatuna budi kuusifu: nuru hukimbia ndani yake karibu kilomita 200,000 kwa sekunde moja, mawingu hayauzuii, na hubeba mzigo mkubwa kuliko chombo kingine cho chote.

Uzi huo wafuata njia kuu ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa. Lakini waya unaopita si waya unaofika. Kama vile treni ipitavyo kituo kidogo bila kusimama, ndivyo uzi huu upitavyo kando ya vijiji. Kuufungulia mlango kwahitaji mitambo, umeme na mafundi, na kampuni hufungua pale penye wateja wengi. Kijiji cha nyumba themanini, kilicho mbali na njia kuu, chaweza kungoja mpaka watoto wa leo wawe wazee. Tena waya nao hukatika. Mwezi wa Agosti 2023, maporomoko ya matope chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Kongo, yalikata nyaya mbili kubwa, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika.

Sasa tuitazame sahani. Zipo satelaiti za namna mbili. Zile za zamani hukaa juu sana, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Ujumbe ukipanda na kushuka, na jibu likipanda na kushuka tena, nusu ya sekunde hupita. Mtu akizungumza, mwenzake humwingilia maneno. Zile mpya, kama za Starlink, huzunguka kilomita mia chache tu juu yetu. Ni maelfu, moja ikitoweka nyingine hutokea, na jibu hurudi upesi. Sahani yake yataka mbingu wazi: msiiweke chini ya mwembe wala nyuma ya kichuguu kirefu. Mvua kubwa ya masika huweza kuizima kwa dakika kadhaa, na radi za Katanga twazijua sote. Basi mlingoti wake ufungwe waya wa kupeleka radi ardhini. Tena nunueni chombo kilichoandikishwa katika nchi yetu. Kilichoandikishwa Zambia chaweza kukatwa na kampuni baada ya miezi michache.

Lakini kabla ya waya na sahani kuna jambo la tatu, ambalo wengi hulisahau kwa kuwa wamelizoea: mnara wa simu. Jaribuni hivi. Chukueni kadi ya kila kampuni ya simu iliyo karibu, mpande mahali pa juu, mpeleke picha moja asubuhi, moja mchana, na moja saa mbili ya usiku. Ikiwa picha zapita, hata polepole, antena ndogo ya nje inayoelekea mnara yaweza kuwatosha kwa gharama ndogo. Mchagua jembe si mkulima. Jembe lililo mkononi lijaribiwe kwanza.

Na ikiwa mnara hausikiki? Basi sahani ndiyo njia, lakini msiulize kwanza mwendo wake. Ulizeni umeme. Sahani ya kawaida hula wati 50 mpaka 100. Tuseme 75: kwa saa kumi za kazi ni wati-saa 750. Betri kubwa ya gari, ya volti 12 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza kupita nusu kila siku itakufa upesi. Basi betri mbili zahitajiwa, pamoja na bamba la jua lisilopungua wati 300, na akiba zaidi kwa siku za mawingu. Kijiji kinachonunua sahani bila kuhesabu haya kimenunua mahali pa kuku kulala.

Jambo la pili la kuuliza ni malipo ya kila mwezi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ni dola 50. Mkulima mmoja hawezi kuzitoa miezi kumi na miwili mfululizo; mwezi asiolipa, chombo hunyamaza. Lakini shule ikitoa 15, dispensari 15, parokia 10, na chama cha wakulima 10, mzigo wabebeka. Muuguzi ataweza kumwuliza daktari wa Lubumbashi habari ya mgonjwa kabla ya kumpandisha pikipiki usiku. Mwanafunzi atasoma kitabu ambacho shule yake haina. Mkulima atajua bei ya mahindi kabla mchuuzi hajafika. Lakini kugawana gharama si kuuza. Anayetaka kuwauzia wapita njia asome kwanza mkataba, aulize na sheria.

Tena wapangieni masaa: mchana kazi za dispensari na masomo, jioni barua na simu za jamaa. Vijana wachache wakiachiwa kutazama sinema usiku kucha, betri itaisha, na asubuhi muuguzi atakuta chombo kimelala.

Basi, ninyi mnaokaa kando ya mji au ya mgodi, ambako uzi wa kioo umekwisha kufunguliwa, chukueni waya. Hakuna kilicho bora. Ninyi mnaosikia mnara, utumieni. Na ninyi mlio mbali na vyote viwili, nunueni sahani, lakini nunueni kwa shirika, mkiisha kuhesabu umeme wa mwaka mzima na kumchagua mtu mmoja mwaminifu wa kushika ufunguo na kitabu cha hesabu. Kitabu hicho kisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, maana wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.