Mama Mchaguzi wa Chakula, Shika Mwiko



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona la aibu na kulificha. Ni habari ya mama aliyeolewa, mtu mzima kabisa, ambaye hajui kupika, na tena vyakula vingi havimpandi. Mchicha hautaki, dagaa hawezi hata kuwatazama, bamia kwake ni utelezi mtupu. Kwao jikoni alikuwako msichana wa kazi, na bwenini alishiba mandazi. Sasa yuko kwake, na kila siku ni chai, mkate na chipsi.

Mama mkwe akija kutembea, maneno huanza: huyu anaringa, huyu hakufundwa. Lakini ndugu zangu, masimango hayajapata kumfundisha mtu kuunga mchuzi.

Jambo lenyewe ni zito. Kliniki ya wajawazito tunawapokea akina mama wa namna hii. Anafika amechoka, moyo unamwenda mbio kwa kutembea kidogo tu, viganja na ndani ya kope vimepauka, na mkobani ana udongo wa kutafuna. Hiyo hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mama mwenye chini ya gramu 11 za himoglobini katika desilita moja ya damu huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Mama huyo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake yamo hatarini, na mtoto wake anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi atapewa, na avimeze kila siku kama alivyoelekezwa. Lakini kidonge hakiwezi kufanya kazi yote ya sahani.

Tena kumbukeni kuwa mtoto hula kwa macho kabla hajala kwa mdomo. Mama akikunja uso mbele ya mboga, mtoto naye atajifunza kukunja uso.

Basi afanyeje? Mimi nasema huyu mchaguzi ndiye hasa anayepaswa kushika mwiko. Anayepikiwa ana njia mbili tu, kula au kukataa. Anayepika mwenyewe anayo ya tatu: kukiondoa kile kinachomchukiza.

Kwanza, ajiulize kinachomshinda ni nini. Ni harufu, ni utelezi, au ni uchungu? Wapo watu waliozaliwa na ulimi unaohisi uchungu kuliko wenzao, kwa hiyo tusidhani kila anayekataa ana kiburi. Akishajua, dawa iko jikoni. Mboga chungu hupoa kwa chumvi kidogo, na kwa tui la nazi au karanga zilizosagwa. Bamia zioshwe, zikaushwe kwa kitambaa ndipo zikatwe, zikaangwe kwa moto mkali bila maji, kisha zikamuliwe ndimu; utelezi utapungua sana. Dagaa watolewe vichwa na matumbo, waoshwe kwa maji ya moto, wakaangwe mpaka wakauke, ndipo watiwe nyanya na ndimu. Na mchicha usipikwe mpaka ukawa kama uji. Dakika chache zinautosha.

Pili, ajifunze kuunga, maana ndio mlango wa mapishi yetu mengi. Apashe vijiko viwili vya mafuta, atie kitunguu kilichokatwa na kukikaanga kwa moto wa kiasi mpaka kilainike na kuanza kubadilika rangi. Kisha atie nyanya na chumvi, afunike, akoroge mara kwa mara mpaka nyanya zivurugike na mafuta yaanze kujitenga. Asiharakishe hapo, nyanya mbichi ndizo huufanya mchuzi uwe mkali. Msingi huo akiupata, juu yake ataweka nyama iliyochemshwa, mayai, maharage, dagaa au mboga. Ni somo moja, lakini mapishi ni mengi.

Maharage yanataka uangalifu. Yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive mpaka yalainike kabisa. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha.

Tatu, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kama anakula wali na mchuzi wa nyama, auache wali wake na mchuzi wake, ila atie humo vijiko viwili vya mchicha uliokatwa mwembamba. Akizoea, aongeze. Chakula kigeni aonje kijiko kimoja tu, bila kulazimishwa, na siku nyingine aonje tena. Mtoto huweza kuhitaji kuonja mara kumi na zaidi kabla hajakubali, na mtu mzima naye ulimi wake hufundishika. Haba na haba hujaza kibaba.

Na ile chai aisogeze mbali na chakula, kama saa moja hivi, kwa sababu huzuia madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga yasiingie vizuri mwilini. Badala yake ale chungwa, pera au embe, ambayo husaidia madini hayo kuingia.

Nanyi akina baba na mama wakwe, akipika wali ukawa bokoboko, kuleni na mshukuru. Anayechekwa leo, kesho ataagiza chipsi.

Lakini wapo ambao shida yao imezidi. Mtu akipungua uzito, akishindwa kumeza kwa hofu ya kupaliwa, au akibaki na vyakula vitatu vinne tu maishani mwake, huyo apelekwe hospitali. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani unaitaja hali hiyo kuwa ni ugonjwa wenye kuhitaji matibabu. Na mjamzito anayetapika kila anachokula asiambiwe anachagua. Naye apelekwe haraka.

Wewe uliyesoma haya ukajiona mwenyewe, anza wiki hii. Nunua kitunguu kimoja, nyanya tatu na fungu moja la mchicha. Unga, onja kijiko kimoja, na Jumamosi uunge tena. Na kama unaye binti wa miaka kumi nyumbani, mwite asimame karibu na jiko.